Nusu Siku Juu ya Mti

Watu wanaomjua juujuu hudhani anaitwa Popo kwa sababu ya kuning'inia mitini. Yeye mwenyewe huwaacha waamini hivyo, tena hutabasamu kidogo kama mtu anayepokea sifa anayoistahili. Ukweli ni kwamba jina hilo alilipata kwa aibu, mchana kweupe, mbele ya watu, na kwa muda mrefu kila alipoitwa aligeuka huku amekunja uso. Sasa ameshalizoea. Hata shuleni wanawe wanajulikana kuwa ni watoto wa Popo, na hawaoni taabu yoyote.

Kabla ya hapo alikuwa Fundi, basi. Kazi yake ni kupogoa miti: ile iliyoegemea mapaa ya nyumba, inayokwaruzana na nyaya za umeme, inayodondosha matawi makavu juu ya magari ya watu. Mwenye nyumba akishachoka kulala roho juu kila upepo unapovuma, humwita. Naye hufika na lori dogo ambalo mlango wake mmoja haufunguki mpaka ubembelezwe. Huuzunguka mti taratibu, kidevu juu, mikono nyuma, kisha husema, "Haya, tuanze." Hapo huvaa mkanda wake mpana unaoshika kiuno na mapaja, hurusha kamba juu ya tawi nene, na punde si punde unaziona nyayo za viatu vyake tu.

Alizaliwa na baba seremala, na alikua akilala karibu na mbao. Lakini mbao hazikumvutia. Alikuwa akisema mti ukishafika kwa baba yake umeshamaliza maneno yake yote, na yeye alitaka ule ambao bado unaongea. Baba mtu alimwambia kwamba miti haiongei na ashike randa. Akashika randa kwa muda, kwa adabu, kisha akakimbilia juu. Kazi nyingine hakuwahi kuijua wala kuitamani.

Alifanya kazi na wenzake wawili. Wa kwanza alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu mpana, mpole, asiye na haraka hata ya kupiga chafya. Aliitwa Nanga, maana yeye ndiye aliyeshika kamba huku chini, na akishakita miguu ardhini hakuna wa kumsogeza. Wa pili alikuwa mwanamke aliyeitwa Chiriku. Huyu zamani alikuwa mpaka rangi wa maghorofa, ananing'inia nje ya madirisha ya watu na ndoo yake, anawasalimia walioko ndani na kuwauliza wanapika nini. Urefu haukumtisha, na mdomo wake haukujua sikukuu. Yeye alinoa misumeno, alikatakata matawi yaliyoshuka na kuyapakia kwenye lori.

Chiriku alijua kupanda na kukata. Fundi mwenyewe ndiye aliyemfundisha, tena vizuri. Ila alimfundisha kama mtu anayekufundisha kuendesha gari lake halafu haachii funguo. Kila Chiriku alipouliza, "Fundi, leo nipande?" alijibiwa, "Mti huu mgumu kidogo. Ngoja ujao." Miti ikaja na kupita, na wote wakawa wagumu kidogo.

Basi Fundi akawa juu peke yake, asubuhi hadi jioni. Chakula cha mchana alipandishiwa kwa kamba, ndani ya ndoo, akala amekaa juu ya tawi, kwa sababu aliona kushuka na kupanda tena ni kupoteza nguvu. Maji hakuyanywa sana, kwa sababu ambayo kila mpanda miti anaielewa: anayekunywa lazima ashuke. Bega la kulia likianza kulalamika, alihamia la kushoto. La kushoto nalo likilalamika, aliyaambia yote mawili yanyamaze. Asubuhi vidole vyake vilikataa kufumba, akawa anashika kikombe cha chai kwa viganja viwili kama mgonjwa. Ukimwuliza, alikuwa na jibu moja: "Nimezoea."

Mkewe hakulipenda jibu hilo hata kidogo. Alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha, ili aone uzi na awaone wapita njia kwa wakati mmoja. Suruali za kazi za mumewe alizishona mwenyewe kwa kitambaa kizito, na alizitia viraka mwenyewe. Siku moja alishika suruali kwa ncha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba watoto, hebu njoo. Mguu wa kulia umekwisha kabisa, wa kushoto unang'aa. Siku hizi unapanda kwa mguu mmoja?"

"Nimezoea hivyo."

"Mbona zamani viraka vilikuwa pande zote mbili?"

"Suruali za zamani zilikuwa za zamani," akajibu Fundi, akaenda kuoga.

Lakini si suruali iliyomuumiza mke wake. Zamani mume huyu alikuwa akirudi na habari. Leo amekuta kiota chenye makinda manne yenye midomo wazi, leo amekuta kishada cha karatasi kilichokwama tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto, na siku moja alikuta kiatu cha kike, kimoja, juu kabisa ya mti ambao hakuna mwanamke aliyewahi kuupanda. Watoto walikuwa wakicheka mpaka chai inawatoka puani. Sasa alirudi, akakaa, akaitazama sahani. Binti yao mdogo alipomwuliza, "Baba, leo mti ulikuwaje?" alisema, "Mti tu." Binti akangoja. Hakikufuata kitu.

Mke akaenda kumwona mdogo wake. "Mimi sigombani na miti," akamwambia Nanga. "Naogopa ataichukia. Yule akiichukia miti, atabaki na nini? Hajui kingine, hapendi kingine. Fanya kitu."

"Nifanye nini, dada? Mimi nashika kamba."

"Basi fanya kitu na hiyo kamba."

Nanga akaahidi kufikiri, na kwa kuwa alikuwa mtu asiye na haraka, bado alikuwa anafikiri siku ile ilipofika.

Sasa, lazima ujue kwamba kikundi chao kilikuwa na sheria moja kubwa, na aliyeitunga ni Fundi. Sheria yenyewe ni hii: aliye juu ya mti akinyamaza, wote walioko chini wananyamaza. Hakuna kunoa, hakuna kuuliza swali, hakuna kupiga mluzi. Maana mtu aliye juu akinyamaza yuko kwenye hesabu: tawi lina uzito gani, litageukia wapi, kamba itavutia upande gani. Neno moja la kijinga kutoka chini linaweza kumvurugia. Fundi aliisimamia sheria hiyo bila huruma. Aliwahi kumkaripia mteja, mzee wa watu, kwa kukohoa.

Siku hiyo walikuwa nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama wa miwani aliyependa mambo yaende kwa utaratibu. Alikuwa na miti miwili ya kushughulikiwa: mkaratusi mrefu karibu na lango na mkuyu mkubwa nyuma, ambao tawi lake moja lilikuwa limelala juu ya paa la nyumba kama limehamia. Walianza na mkaratusi. Fundi alikuwa hajapumzika hata siku moja tangu wiki iliyotangulia, hata Jumapili. Alipandishiwa ndoo ya chakula, akala, akairudisha. Jua lilikuwa kali, upepo mwanana, na mkaratusi una tabia ya kuyumba kidogo kidogo, huku na huku. Fundi akauzima msumeno, akautundika kiunoni, akaegemeza paji la uso kwenye shina ili apumzishe macho kidogo.

Kule chini, Nanga akaona kimya. Akainua mkono. Chiriku akaacha kunoa, tupa ikabaki hewani.

Mwalimu akatoka na sinia ya chai. Nanga akaweka kidole mdomoni. Mwalimu, ambaye maisha yake yote ndiye aliyekuwa akiwanyamazisha wengine, alisimama pale pale na sinia yake mikononi, akatii. Jirani akachungulia juu ya ua ili kuuliza kulikoni, akaoneshwa kidole. Mtu wa baiskeli aliyekuwa anapita nje ya lango akashuka, akavua kofia, bila hata kujua ni kwa nini. Chai ikapoa. Chiriku alikuwa anateseka kuliko wote, maneno yamemjaa mpaka mashavuni. Hatimaye akasogea kwa Nanga kwa ncha za vidole.

"Ni tawi gani hilo linalohesabiwa hivi?" akanong'ona.

"Kubwa," akanong'ona Nanga.

"Huyu bwana ana akili nyingi sana," Mwalimu naye akanong'ona, huku sinia imeanza kumlemea.

Kisha ikasikika sauti ya kukwaruza kutoka juu. Kwanza walidhani ni mashine ya jirani. Jirani akatikisa kichwa kukana. Sauti ikapanda, ikakatika, ikaanza upya na mluzi kidogo mwishoni. Chiriku akatoa macho pima.

"Anakoroma!" akasema. "Jamani, Fundi anakoroma!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwalimu aliweka sinia chini ili acheke vizuri. Chiriku alikaa juu ya rundo la matawi, akashika mbavu. Na yule mtu wa baiskeli, ambaye hakuna aliyemjua wala aliyemwona tena, akanyoosha kidole kwa Fundi aliyekuwa ananing'inia kwenye mkanda, mikono imelegea na kichwa kimeinama, akasema, "Huyo ni popo huyo, analala mchana!" Akavaa kofia yake, akapanda baiskeli, akaenda zake. Jina likabaki.

Nanga peke yake hakucheka. Kamba ilikuwa mikononi mwake.

"Shemeji!" akaita kwa sauti.

Fundi akazinduka. Na hapa ndipo palipotisha, maana hakutaka ijulikane kuwa alikuwa amelala. Macho mekundu, uso una alama ya gome la mti, akachomoa msumeno upesi upesi, akapiga kelele kama mtu aliyekuwa kazini muda wote: "Tayari! Nimeshaona! Kaeni mbali, nakata hili!" Akagusa kwa ncha ya msumeno tawi lililokuwa juu kidogo ya kichwa chake.

Lilikuwa ni tawi lile lile lililobeba kamba yake.

Kicheko chote kikakatika. Nanga hakupiga kelele tena. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi mezani, "Shemeji, tundika msumeno. Shuka." Fundi akatazama tawi, akatazama kamba, akafuata kamba kwa macho mpaka kiunoni mwake. Akautundika msumeno kiunoni. Akashuka, akavua mkanda.

Walirudi nyumbani mapema. Ndani ya lori walibanana watatu, Chiriku katikati, amenyamaza mpaka wote wawili wakawa na wasiwasi naye. Nanga ndiye aliyeanza.

"Shemeji, mimi nimekushikia kamba tangu sijaota ndevu. Leo nimemshikia mtu aliyelala. Sirudii."

"Nilisinzia kidogo tu."

"Sirudii. Tafuta mtu mwingine, au tugawane siku. Wewe nusu juu, Chiriku nusu juu. Asiyekuwa juu yuko chini na mimi."

"Hajui kukata," akasema Fundi, akitazama nje ya dirisha.

"Nani amemfundisha?"

Lori likaruka shimo.

"Nani amemfundisha, shemeji?"

"Mimi."

"Basi ama anajua, ama wewe hujui kufundisha. Chagua moja."

Chiriku akakohoa kidogo, kwa adabu, akatazama mbele. Fundi hakuchagua, lakini kila mtu ndani ya lori alijua kwamba bila Nanga hakuna kupanda, na bila kupanda hakuna Fundi.

Nyumbani habari ilitangulia. Kabla hajavua viatu, mkewe alikuwa ameshasimuliwa yote na mdogo wake aliyewahi kuingia, kuanzia chai iliyopoa hadi mtu wa baiskeli. Fundi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Ugomvi angeuweza. Lakini mke alicheka. Alicheka mpaka akashika cherehani isianguke, akajifuta machozi kwa kipande cha kitambaa, akacheka tena. Kisha machozi yakaendelea na kicheko hakikuwepo.

"Ungelikata lile tawi," akasema.

"Sikulikata."

"Nacheka kwa kuwa upo hapa unanijibu. Nusu siku, baba watoto. Kubali."

Akakubali. Alikuwa amechoka mno kukataa.

Kukubali ni neno moja tu. Kukaa chini ya mti, kumbe, ni kazi ya siku nzima, na Popo, maana sasa hata mkewe alikuwa akimwita hivyo akitaka kumchokoza, hakuiweza. Siku ya kwanza Chiriku alipopanda na yeye akabaki ardhini, aligeuka redio. "Kushoto! Siyo hapo! Mguu wako! Huo siyo mguu wako, ule mwingine! Unaona tawi? Usilione hilo, lione lile!" Nanga alimtazama kwa huruma. Chiriku alivumilia, akavumilia, mwisho akateremka mpaka chini kabisa, akasimama mbele yake, jasho linamtiririka.

"Fundi, ile sheria ya kunyamaza ni ya nani?"

"Yangu."

"Ni ya mtu aliye juu, au ni ya wewe tu ukiwa juu?"

Chiriku akashika kamba, akapanda tena. Tangu hapo, kila zamu ya Chiriku, Popo alivunja kijiti na kukiweka katikati ya meno, awe na kitu cha kuuma. Aling'ata vijiti mpaka Nanga akamwambia, "Shemeji, ukiendelea hivyo mti huu utaumaliza kwa meno, Chiriku akose cha kukata."

Wiki ya kwanza aliona haya. Aliburuta matawi, alikunja kamba, alifagia majani, na muda wote alingoja mtu amwambie kuwa ni mvivu. Hakuna aliyemwambia. Wateja walimwona amesimama, mikono kiunoni, anatazama juu, wakadhani amepanda cheo. Mwalimu, waliporudi kwake kumalizia mkaratusi, alimwita Bosi, na akampa kiti.

Kiti chenyewe hakukikalia, siku hiyo. Siku iliyofuata alikikalia kidogo, pembeni. Siku nyingine alikula chakula kikiwa cha moto, ameketi, sahani juu ya mapaja, na hakuna mchwa aliyeanguka ndani. Alikunywa maji, akaongeza, akaongeza tena, akaenda kujisaidia kama binadamu wengine, na akarudi akitabasamu mwenyewe. Bega halikupona kwa uchawi. Lilipona kwa ubishi, kama lilivyougua, leo afadhali, kesho linarudi nyuma. Lakini asubuhi moja alishika kikombe kwa mkono mmoja, kwa vidole, bila hata kugundua. Mkewe ndiye aliyegundua. Alimwongezea chai tu.

Ndipo ikafika zamu ya mkuyu, na lile tawi lililolala juu ya paa la Mwalimu.

Hili halikuwa tawi la mchezo. Lilikuwa nene kupita mwili wa Nanga, na Nanga si mwembamba. Chini yake kulikuwa na vigae, chini ya vigae kulikuwa na chumba cha Mwalimu cha kulala, na Mwalimu mwenyewe alikuwa amesimama uwanjani ameshika miwani kwa mkono mmoja. Asubuhi Popo alipogoa matawi madogo ya pembeni ili kufungua njia. Mchana ulipofika akawa bado yuko juu, anajifanya hajaona jua.

"Zamu imekwisha, shemeji!" Nanga akaita.

"Hili nitalikata mimi. Ni hili tu."

"Zamu ya nani?"

Popo akashuka taratibu kuliko alivyowahi kushuka maishani, akifungua kila kifundo kama anakiaga. Chiriku akapanda. Akalizunguka tawi, akaligonga kwa kiganja, akakaa. Akanyamaza.

Wote wakanyamaza.

Popo alikuwa ameshika mkia wa kamba ya kushushia, nyuma ya Nanga. Akaona Chiriku anafunga tawi sehemu mbili, moja karibu na shina na moja mbali, kisha anahamia upande wa nyuma. Yeye angelikata vipande vipande, kuanzia nchani. Huyu anataka kulishusha zima! Kijiti kikavunjika mdomoni. Akavuta pumzi ili apige kelele, na Nanga, bila kugeuza kichwa, akamkanyaga mguu.

Akaimeza kelele. Na akiwa hapo, mguu unamuuma, mikono imeshika kamba, macho juu, jambo likamwingia ambalo hakuwahi kulifikiria katika miaka yake yote ya kazi. Huku chini ndiko kwenye hofu. Ukiwa juu una msumeno, una hesabu, una la kufanya. Chini una kamba na macho tu. Akatazama shingo pana ya shemeji yake iliyokuwa mbele yake, imeloa jasho, na akaona aibu kubwa. Mtu huyu alikuwa amesimama hivi kila siku, kwa ajili yake, na hakuwahi kuambiwa hata asante.

"Asante," akanong'ona.

"Nyamaza," akanong'ona Nanga.

Msumeno ukanguruma. Tawi likalia, likainama, likaning'inia kwenye kamba zake mbili, likaanza kushuka. Nanga na Popo wakaliachia kidogo kidogo, viganja vinawaka moto. Likapita ukingo wa paa, likapita bomba la maji ya mvua bila kuligusa, likatua juu ya nyasi kama mzee anayekaa kitini. Mwalimu akavaa miwani yake na kupiga makofi. Kigae hakikuvunjika hata kimoja.

Chiriku aliposhuka alikuwa anameremeta. Alikwenda moja kwa moja kwa Popo.

"Haya, sema. Umeonaje?"

"Mimi ningelikata vingine."

"Vizuri zaidi?"

Popo akalitazama lile tawi, akalitazama paa. Ana kasoro zake, lakini uongo wa kazi haujui.

"Vingine tu," akasema.

Chiriku alifurahi kuliko kama angesifiwa kwa matarumbeta. Kwa wiki nzima alimsimulia kila aliyekuwa na masikio, pamoja na fundi wa matairi ambaye hakuwa ameuliza chochote.

Ikabaki kazi ya mwisho kwenye mkuyu ule: kuutengeneza umbo, ili usimame sawa baada ya kupoteza upande mmoja. Hii ndiyo kazi aliyoipenda Popo kuliko zote, na ilikuwa zamu yake. Alipanda asubuhi, majani bado yana umande, na alipofika juu akakaa kidogo bila kukata kitu. Aliwaona watu wanafungua madirisha, mwanamke anaanika mashuka, paka anatembea juu ya ukuta na kuringa. Mti ulikuwa na harufu ya utomvu wa matawi yaliyokatwa. Akagundua kwamba tangu jana jioni alikuwa akiisubiri saa hii. Akaanza kazi, na kule chini Nanga akamsikia anaimba, vibaya, wimbo ambao alikuwa anaubuni papo hapo kuhusu paka.

Asubuhi ikaisha likiwa limebaki tawi moja. Lilikuwa la kileleni, ndilo ambalo likikatwa mti wote unatulia, na mtu yeyote anayepita barabarani angeinua macho na kusema aliyefanya hivi ni fundi. Popo alikuwa karibu nalo, msumeno mkononi, mwili umechangamka. Zamani asingeliacha tawi kama hilo hata angeitwa na serikali. Nanga alilijua hilo. Alitazama jua, akavuta pumzi, akakita miguu, akayapanga maneno yake tayari kwa mabishano.

"Nashuka!" sauti ikatoka juu.

Nanga akababaika. Maneno yote aliyoyapanga hayakuwa na kazi.

"Umeumia?"

"Hapana!"

"Nyuki?"

"Hakuna nyuki!"

"Msumeno umekataa?"

"Unakata kama siagi!"

Chiriku alikuwa ameshasimama, mkanda nusu ameuvaa, haamini. Popo alikuwa tayari anateremka, miguu yote miwili ikigusa shina, wa kulia, wa kushoto, bila haraka.

"Sasa unashukia nini, na limebaki moja?" Nanga akauliza.

"Bado nina nguvu," akasema Popo. "Leo nataka kwenda nazo nyumbani."